Kiti Chako cha Saksofoni

Kigali, Jumapili asubuhi

Kwa Kaka Idrisa,

Asalaam aleikum, wewe na wote hapo nyumbani Buyenzi. Kifua kinaendeleaje? Mama ameniandikia kwamba sasa unakwenda msikitini kwa miguu na kurudi bila kupumzika njiani. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mzima. Shangazi naye mzima, anashona mpaka macho yanamtoka machozi.

Kaka, nina jambo la kukiri. Ulipougua ukaondoka chuo kikuu, Mwalimu Kalonji aliniruhusu nikalie kiti chako kwenye mazoezi ya jazi, ili wanafunzi wake wasikie saksofoni inaingia wapi. Nilikubali kwa sababu moja: kukutunzia kiti mpaka urudi. Nilidhani nikipiga kama wewe, sauti kwa sauti, hakuna atakayefikiria kumtafuta mtu mwingine. Basi nikachukua kanda ya mazoezi yenu, nikaandika solo yako yote daftarini, nikaikariri kama somo la Jiografia.

Jana kwenye mazoezi nikaipiga. Tangu vita vianze huko kaskazini tunamaliza mapema, kabla ya saa ya kutotoka nje, kwa hiyo jua lilikuwa bado kali ukumbini. Gaspard, yule mpiga ngoma, akapaza sauti, "Jamani, Idrisa amerudi, amevaa sketi!" Wote wakacheka. Nami nikafurahi, nikidhani nimefaulu.

Mwalimu hakucheka. "Mutoto, pale katikati ulinyamaza. Juu ya nini?"

"Kaka hunyamaza hapo, Mwalimu."

"Idrisa alinyamaza juu kifua kilikuwa kinamubana. Alikuwa anatafuta pumzi."

Kaka, maumivu yako niliyaandika kama kituo cha muziki. Nilikihesabia hata mapigo yake: matatu na nusu. Tulikuwa tukiishi nyumba moja, kwa Shangazi, na sikujua.

Mwalimu akalifunga daftari langu. "Hiyo ni ya Idrisa. Ya kwako iko wapi? Piga, ama nitatafuta mwingine."

Nikainua saksofoni. Mwanzoni nilipiga vibaya. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nilipomaliza, Gaspard hakunitania. Mwalimu akachukua karatasi ya tamasha la chuo, akakata jina lako, akaandika langu.

Sikumzuia. Maneno "Kaka yangu atarudi" nilikuwa nimeyaweka tayari tangu siku ya kwanza, nikayameza. Daktari alishasema hutapuliza tena, nami nilikuwa nikijifanya sikusikia. Lakini siyo hilo lililonifunga mdomo. Nilikuwa na furaha, Kaka. Sijawahi kupata furaha kama ile, na tangu jana kila nikiikumbuka naona haya.

Ukiniambia nikatae, nitakataa. Ila usiandike kwamba hujali, maana nitajua unanihurumia.

Nisalimie Mama, na Baba akirudi kutoka dukani, na Bibi anayekulazimisha kunywa uji. Barua hii usiwasomee.

Ni mimi mdogo wako, niliyekaa mahali pako,

Mwajuma