Kadi ya Sauti Niliyoikaza Mno

Alhamisi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi.

Bwana asifiwe, mpendwa unayenisoma. Hujambo? Watu wa kwako wameamkaje? Kile kikohozi kimekuachilia, au bado kinakusumbua na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Ila moyo, wacha nikuambie polepole, maana hata mume wangu, Baba Shiku, sijamwambia.

Nina wivu.

Nimeliandika hilo neno nikaliangalia. Mama mzima, nina wajukuu wawili, naongoza maombi ya Ijumaa, na nina wivu kama msichana wa shule.

Unajua mimi ni fundi wa nguo hapa Kimbo, na masomo yangu yaliishia darasa la nane. Lakini kompyuta iliyo kando ya cherehani yangu niliiunda mwenyewe, kipande hiki cha Ruiru, kile cha Thika, nikijifunza kwa video za simu. Baba Shiku alinicheka akasema nimenunua sufuria yenye nyaya. Basi kwa hiyo sufuria nimerekodi kwaya yetu ya akina mama miaka saba. Mtu akifiwa, nyimbo zinazopigwa nimerekodi mimi. Binti akiolewa, ni mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu kanisani, na sikujua naipenda hivyo mpaka nilipoona inaenda.

Rahab alihamia huku kutoka Thika, akajiunga na kwaya. Ni mdogo kwangu, mpole, ana laptopu nyembamba na kisanduku cha kurekodia kinachoingia kwa mkoba. Siku moja alituomba turekodi ubeti mmoja tu, hivi kwa mchezo. Akautuma kwa kundi letu la simu.

"Haiya! Hii ni sisi kweli?" Mama Njoki, mwenyekiti wetu, akauliza mbele ya watu wote. "Mama Shiku, yako si ilikuwa inalia kama mvua kwa mabati?"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaenda nyumbani nikashona suruali ya mtu mguu mmoja mfupi.

Ni kweli, rekodi zangu zina mvumo. Nilisoma nikaambiwa ni ile sauti ya ndani ya kompyuta, niongeze kadi ya sauti, kibao kidogo kinachochomekwa ndani yake. Nikapanda Thika, nikanunua, nikaitia mahali pake, nikafunga skrubu. Nyimbo zikalia safi mpaka nikainua mikono juu. Halafu nikachomeka waya wa maiki.

Skrini ikawa bluu. Kompyuta ikazima, ikajiwasha yenyewe. Nikachomeka tena. Bluu tena.

Nikasema ni maiki, nikaazima nyingine. Bluu. Nikafuta ile programu ya kadi nikaiweka upya. Bluu. Nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikairudisha, nikafunga skrubu vizuri zaidi. Ikawa mbaya zaidi, sasa hata kugusa waya tu. Nikairudisha dukani Thika. Yule wa duka akaitia kwa mashine yake, akachomeka maiki, akaimba "haloo, haloo" kama mhubiri. Kadi haikuwa na shida yoyote.

"Mama, labda ni hiyo mashine yako ya nyumbani," akaniambia.

Njia yote ya kurudi nilikuwa nasikia hilo neno, ya nyumbani.

Sasa nikuungamie kitu. Mama Njoki alikuwa ametangaza kwamba Jumatano kwaya itarekodi kwangu wimbo mmoja, tulinganishe na ule wa Rahab, na Jumapili atasema ni nani atarekodi nyimbo za mwaka huu. Jumanne nikapiga magoti kando ya cherehani. Nilianza kuiombea kadi. Nikajikuta naomba kisanduku cha Rahab nacho kiharibike. Kidogo tu, nilisema, kana kwamba Mungu tunapatana naye bei.

Jumatano, yaani jana, Rahab akafika kabla ya wengine. Amebeba chai kwa thamosi, amesikia tutakuwa wengi. Akanikuta kompyuta iko wazi matumbo nje, na mimi uso umevimba.

"Inazima ukichomeka maiki?" akauliza.

Nilitaka kumwambia iko sawa. Nikatingisha kichwa kukubali.

Akamulika ndani kwa simu. Akacheka. "Mama Shiku, kwani hii uliifunga ukiwa na hasira?"

Nikaangalia. Skrubu nilikuwa nimeikaza kama ya cherehani. Sisi mafundi hatuachi skrubu ikiwa legevu, mashine inatetemeka siku nzima, ikilegea inaruka nyuzi. Mkono wangu haujui kukaza nusu. Kumbe kile chuma cha mbele ya kadi, kinachofungwa na skrubu, kilivutwa chini, na mkia wa kadi ukainuka kutoka mahali pake, kama soli iliyobanduka. Waya wa maiki ukiisukuma, kadi inaachia. Na kila iliponishinda, mimi nilizidi kukaza.

Rahab akalegeza skrubu, akabonyeza kadi kwa kidole gumba. Tik. Akachomeka maiki. Kimya. Hakuna bluu.

Sikusema asante. Nilisema, "Nilikuwa karibu kuiona." Aki, hivyo ndivyo nilivyosema.

Kwaya ikaja, tukaimba, ikatoka safi, pumzi ya kila mtu unaisikia. Mama Njoki akanishika mabega. "Umeweza! Na si ulisema inakusumbua? Nani alikutengenezea?"

Rahab alikuwa pale pale, anamimina chai. Hakuinua macho.

"Ni Mungu tu," nikajibu.

Wote wakasema amina. Rahab pia akasema amina, akanipa kikombe.

Tangu jana hiyo amina haijanitoka. Nimemtumia Mungu kufunika mtu aliyenisaidia, na watu wakaitikia. Na wivu haukuisha, mpendwa. Umeongezeka, maana sasa namwonea wivu hata huo upole wake.

Jumapili kabla ya mahubiri kuna wakati wa shuhuda. Baada ya ibada ndipo Mama Njoki atamtaja mtu wa kurekodi, na watu washaanza kunipongeza. Nimeamua nitasimama kwenye shuhuda niseme ni Rahab aliyerekebisha, na niseme nilichomwombea. Nikisema, huenda nafasi ikaenda kwake. Nikinyamaza, nitairekodi kwaya mwaka mzima nikijua.

Ila najijua, kufika Jumapili nitakuwa nimepata sababu ya kukaa chini. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Niandikie upesi, kabla ya Jumapili, hata neno moja tu: simama.