Wimbo Usiofika Lweba

Nundu, Septemba 1999

Kwako yaya Immaculée, dada yangu mkubwa,

Yambo sana. Huku tunapumua, Mungu anatuchunga. Divine wangu ameota jino, na muhogo umeoza kidogo tu. Na wewe huko kambini Kigoma, mguu umepona? Batoto wanakula?

Barua yako imefika. Umesema nimshukuru bwana yangu Jérémie kwa sababu mtumbwi wenu ulivuka salama, wewe na bamama wengine. Sawa, yaya. Ila ngoja kwanza, maana moyo unaniwaka.

Unajua Jérémie ndiye anashika foni ya hospitali, ile redio ya kuitana na vituo vingine. Kila asubuhi anamwambia Dorothée, mwenye foni ya Lweba, mtumbwi utokee wapi ili usikutane na basoda wenye bunduki. Lakini basoda nao wana foni, walikuwa wanasikia yote. Basi Jérémie akatafuta akili. Alifunga foni ya pili na waya wake huku kanisani, ncha ya waya ikitazama Lweba kabisa. Alinieleza kwamba waya hutupa sauti ubavuni, nchani hautupi kitu. Sasa yeye akiongea kwa waya wake hospitalini, mtu anapiga makelele kwa huu wa kanisani. Wa mlimani na wa ziwani wanasikia makelele, Lweba peke yake inasikia maneno.

Kuwa mtu wa makelele, akanichagua mimi. Eti nina sauti.

Ebu fikiri, yaya! Mimi mke wa ndoa naimba nyimbo za kanisa mpaka koo linakauka. Fizi mlimani wananisikia, ziwani wananisikia, wauza ndagala wananitania sokoni. Ni mwanamke mmoja tu asiyenisikia, na ndiye anayemsikia bwana yangu! Mimi mwenyewe simsikii, maana ukibonyeza batani ya foni unasema tu. Kusikia, mpaka uiachie. Na tena Jérémie akaanza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kazini. Foni inaona ndevu?

Siku yenu ya kuvuka, wivu ulinishinda. Katikati ya wimbo nikaiachia batani. Nikamsikia akimwambia Dorothée kwamba analala na sauti yake masikioni, na vita ikiisha atakwenda kumchukua. Kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, kila mwenye foni alisikia pamoja nami. Nilitaka kusikia zaidi, yaya, nilitaka na jibu la yule mwanamke. Lakini hapo hapo akaanza kusema habari za mtumbwi wa siku ile.

Nilijua wewe umo. Nikabonyeza, nikaimba, machozi yananiingia mdomoni, sijui hata ulikuwa wimbo gani.

Aliporudi aliuliza kama niliimba vizuri. Akiongea hasikii, kwa hiyo hajui kitu. Nikamjibu niliimba vizuri. Sokoni hawanitanii tena. Wananiongezea ndagala bila kuniangalia machoni. Wote wanajua, kasoro yeye.

Kesho kuna mtumbwi mwingine, bamama wa Mboko na batoto wao. Nitakwenda kuimba. Ila shukrani zako, yaya, sitampelekea. Nimezichukua mimi.

Nisalimie batoto, na mama Adolphine jirani yako. Ukiisha kusoma, choma karatasi hii.

Ni mimi mdogo wako, wa makelele,
Espérance