Kikombe cheusi na jiwe la Baba

Jumatatu, 3 Juni

Samaki tena. Leo tumewachoma wale wa ziwa la Nzilo mpaka wakawa majivu, tukasaga majivu, tukajaza vikopo vya kupimia. Nywele zangu zinanuka. Mtu akiniuliza utafiti wa mionzi unafanana na nini, nitamwambia unafanana na jiko la mama anayeunguza chakula makusudi. Wiki iliyopita yalikuwa majani ya mihogo. Kabla yake, matofali. Prof Kalenga anataka kujua urani iliyomo katika mawe ya hapa imefika wapi: kwenye maji, kwenye chakula, kwenye kuta. Mimi nataka kujua ni sabuni gani inayoondoa harufu hii.

Lakini naipenda kazi. Nilikaa muda mrefu na diploma yangu ya fizikia huku nauza vocha za simu pembeni ya barabara. Nashukuru. Leo nimeshukuru huku nimeziba pua.

Kesho kutwa, mtaa wa Kasulo. Tunakusanya vikombe.

Jumatano, 5 Juni

Vumbi mpaka kwenye meno. Vikombe vyetu tumevipata karibu vyote. Ni vidogo, vyeusi, vya plastiki, na tulivitundika kwenye misumari vyumbani mwezi wa tatu. Ndani ya kila kimoja mna kipande cha plastiki safi. Radoni, gesi inayotoka popote penye urani, inakikwaruza kidogo kidogo. Haionekani, hainuki, na watu wanaivuta wakiwa usingizini. Sisi tunahesabu makovu yake kwa darubini. Ndiyo kazi yote.

Watu wa Kasulo walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, kwa hiyo Prof aliwachagua wao. Mashimo mengine yamefukiwa. Mengine yamefunikwa bati tu na watoto wanacheza juu yake. Sipendi kulitazama bati hilo.

Mzee mmoja ametundika rozari yake pamoja na kikombe chetu. "Bikae pamoja, bisaidiane." Nyumba nyingine kikombe kimefunguliwa na kutiwa chumvi. Hicho kimeharibika. Mwenye chumvi akaona haya, akanifungia karanga za njiani. Watu ambao hawana hata hewa ya uhakika wananipa karanga. Nimezila zote.

Ijumaa, 7 Juni

Kwetu Manika, baada ya swala. Nyumba ya Mama ni moja ya zile za kulinganisha: iko mbali na mashimo, ina sakafu ya saruji, na Baba aliijenga mwenyewe alipokuwa akiendesha lori la madini. Kikombe kilikuwa msumarini juu ya kitanda cha Mama, palepale nilipokiweka, nami nikakitoa kwenda nacho maabara. Kila Ijumaa nikija nakikagua. Mama ni mtiifu kuliko Kasulo nzima. Nikamsifu. Akaangalia pembeni.

Bugali na sombe ya majani ya mihogo. Nimekataa samaki, Mama amenuna. Salima, mtoto wa kaka yangu Ramazani, ameanza kutembea, anashika kuta kama mlevi. Furaha, mama yake, anamfuata nyuma mikono wazi.

Mama amelifuta jiwe la Baba, kama kila Ijumaa. Lile la kijani lenye vinywele vinywele vinavyong'aa. Linakaa katikati ya sahani zake za harusi, sebuleni, katika kabati la vioo. Malakiti, jiwe la shaba, tunavyosema siku zote. Baba alilileta siku niliyozaliwa. Alifia barabara ya Tenke na hatuna picha yake hata moja iliyo nzuri. Tuna hilo.

Alhamisi, 27 Juni

Majibu yametoka.

Kasulo si mbaya kama tulivyohofia. Nyumba nyingi zitatosheka na kufungua madirisha. Chache zinahitaji kazi.

Kikombe cha Mama kimevishinda vyote. Nilidhani nimechanganya vipande. Nikaangalia tena. Prof akaangalia baada yangu. Makovu yamepandana mpaka hayahesabiki.

Prof akavua miwani, akaniuliza Baba alijaza nini chini ya sakafu. Sijui. Lakini nadhani najua. Dereva wa lori la madini anajenga nyumba yake, atanunua changarawe ya nini? Wengi walijaza mabaki ya mgodini, yalikuwa bure. Kama ni sakafu, amesema Prof, watoke, ibomolewe yote, na huenda nyumba nayo isibaki. Mtoto atoke kwanza.

Nyumba ya Mama. 

Ijumaa, 28 Juni

Nimemwambia. Nilijipanga njiani maneno mazuri, yakanitoka vipande vipande.

"Baba yenu njo alijenga hii nyumba," akasema. "Mi siendi fasi."

Basi. Haendi popote. Akaingia chumbani akafunga mlango. Furaha alikuwa amekwisha anza kukunja nguo za Salima huku analia. Chakula kimebaki mezani. Sijawahi kuona chakula kikibaki mezani kwa Mama.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Ngoma mjini. Mimi nimejifungia.

Furaha amemchukua Salima, wamehamia kwa dada yake. Mama amebaki peke yake ndani ya radoni, anapika chakula cha watu wanne. Ramazani amepiga simu kutoka Kasumbalesa, lori lake limekwama mpakani, akanifokea mimi. Kana kwamba gesi niliipanda mimi! Nimemfokea pia. Kisha nikalia.

Sitaki kuwa binti aliyemtoa mama yake nyumbani kwa kipande cha plastiki. Sitaki pia kuwa aliyejua akanyamaza. Naichukia darubini ile.

Jumanne, 2 Julai

Prof amekuja mwenyewe na mashine ya mkononi, ile inayolia ikikutana na mionzi. Amevua viatu mlangoni. Mama hakutaka kumpokea, lakini kwa mtu aliyevua viatu ilibidi amkaribishe. "Karibu, tata." Neno la heshima, sauti kavu.

Tulianza chumbani kwake. Mashine inadondosha mlio mmoja mmoja kwa uvivu. Sakafuni, pembeni, chini ya kitanda. Uvivu uleule. Tukapima korido. Hakuna kitu. Prof akanitazama, nami nikamtazama. Sakafu ya Baba haina hatia. Sasa yale makovu yametoka wapi?

Tukaingia sebuleni. Mlio ukaanza kukimbia. Kila hatua kuelekea kabati la vioo unazidi. Prof alipofungua kioo mashine ikapiga kelele mfululizo. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili.

Ni jiwe. Jiwe la Baba.

Prof akaliangalia bila kuligusa. Si malakiti. Ni la kijani vilevile, lakini vinywele vile ni urani iliyochanganyika na shaba. Mawe ya namna hiyo hapa yapo, na wachimbaji huyaokota kwa uzuri wake. Lakini bado hatukuelewa. Kikombe kilikuwa chumbani, ukuta wa pili huko!

Ndipo Mama akasema, kwa sauti ndogo: "Kile kikombe chenu, mi nilikuwa nakiweka mumu. Mu vitrine."

Nikauliza kwa nini.

"Bageni bakikuja, baone mutoto wangu anatumika na ba profesa. Ku chumba nani atakiona? Ijumaa njo nilikuwa nakirudisha ku musumari, mbele ya we kufika."

Miezi yote ile! Mimi nakagua msumari na kumsifu. Kikombe kilikuwa kinakaa na sahani za harusi, ndani ya vioo vilivyofungwa, ubavuni mwa jiwe linalotoa gesi isiyo na pa kwenda. Wageni wanaonyeshwa kwamba natumika, nafanya kazi, na maprofesa. Prof alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mama alimtazama, halafu naye akacheka, huku machozi yanamtoka. Mimi nilikasirika kwanza. Nilicheka wa mwisho.

Nyumba inabaki. Alhamdulillahi. Nyumba inabaki.

Jumatano, 3 Julai

Nimerudi na mashine asubuhi kwa sababu kitu kilikuwa kinanisumbua. Kabati limeegemea ukuta. Nyuma ya ukuta ule ni chumba cha Furaha. Walisogeza kitanda cha Salima hapo baridi ilipoanza, mbali na dirisha.

Nilishika mashine pale kichwa cha mtoto kinapolala. Si ya kutisha. Prof amesema hivyo, nami najua kusoma namba. Lakini haikuwa na uvivu wa chumba cha Mama.

Nimekaa sakafuni nikafikiri. Kama Mama angenitii, kikombe kingekaa msumarini kwake na kuona hewa ya kawaida. Ningeandika nyumba hii ni nzuri. Ningesema hivyo kwa furaha. Salima angekua na kichwa chake ukutani pale, na Mama angeendelea kulifuta jiwe kila Ijumaa na kuvuta vumbi lake, kwa kitambaa kilekile cha sahani.

Nashukuru mama yangu hakunisikia. Nashukuru anapenda kujionyesha. Sitamwambia hivyo, atazidisha.

Daktari amemwona Mama leo. Hana neno. Furaha anarudi kesho na mtoto, tumekwisha hamisha kitanda.

Jumamosi, 6 Julai

Siku ya jiwe. Niliiogopa kuliko majibu yote.

Mama alikubali litoke, lakini alitaka kujua linakwenda wapi. Kama ni kutupwa shimoni, hapana. Prof alikuwa mlangoni na chungu cha madini ya risasi yanayozuia mionzi, kizito, anatokwa jasho. Akamwambia halitupwi. Kila asubuhi kabla ya kutoka kupima nyumba za watu, mashine lazima ijaribiwe kwa kitu kinachojulikana kuwa na mionzi. Sisi hatuna chetu, tunaazima cha Lubumbashi, na mara nyingi hakifiki. Mashine mbovu hukaa kimya, na kimya chake watu watadhani ni usalama. Sasa jiwe ndilo litakaloijaribu.

Mama alifikiri. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma kama nilivyomwomba. Akaliambia jiwe, si sisi: "Baba Ramazani, enda na aba batu. Beko bazuri."

Nililiinua mimi, kwa glavu. Ni zito kuliko nilivyokumbuka. Baba alilibeba kwenye mfuko wa koti kutoka mgodini mpaka hospitali nilikozaliwa. Nilifunga kifuniko cha risasi, mashine ikatulia, na mimi nikalia mbele ya bosi wangu bila aibu.

Tumeosha sahani zote na kuchoma, hapana, kufukia kitambaa. Madirisha wazi mpaka magharibi. Mama amepika kuku. Prof amekula mara mbili.

Jumatatu, 8 Julai

Mara ya kwanza. Nimefungua chungu maabarani, nimesogeza mashine. Ikalia vizuri. Tumekwenda Kasulo kuwaonyesha watu namna ya kufungua matundu ya hewa juu ya milango. Mzee wa rozari ametobolewa tundu la kwanza. Amemsimamia fundi kwa ukali.

Ijumaa, 20 Septemba

Kikombe kipya cha kwetu kimesomwa jana. Makovu machache, ya kawaida, yale ya nyumba yoyote yenye ardhi chini yake. Safari hii kilikaa msumarini kweli. Salima alikuwa anakilinda, anasema "hapana" kwa kila anayekisogelea, hata kwangu.

Nimempelekea Mama kikombe kitupu kwa sababu alikiomba. Amekiosha, amekipangusa, amekiweka katikati ya sahani za harusi, kwenye nafasi ile. Ni cheusi na kibaya sana. Wageni wawili waliokuja wameonyeshwa kabla hawajapewa maji.

Walipoondoka aliniuliza kama ni kweli namwona Baba kila asubuhi. Nikamwambia ndiyo. Nafungua, nasalimia, mashine inalia, ndipo tunatoka. Bila yeye hatupimi nyumba ya mtu.

Akakunja kitambaa chake kipya, akafunga kioo.

"Basi angali anatumika," akasema, akaenda kutazama bugali.