Gari la Magodoro na Binti Yangu Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Dereva ameongea, afande. Andika hilo kwanza, salamu zitafuata. Ameongea leo asubuhi mbele ya tajiri wake, na binti yangu si mwizi.

Haya, sasa niulize. Naitwa Mama Kinyozi, mtaa mzima unanijua kwa jina hilo. Umri miaka hamsini na sita, elimu darasa la saba. Kazi yangu ni kufua taulo katika duka la kunyolea la binti yangu, na ninaishi chumba cha nyuma hapohapo. Mtaani kwetu ndiye mwanamke pekee anayenyoa ndevu, na wanaume wanapanga foleni.

Mnamo Jumanne, tarehe 14 ya mwezi huu, karibu saa nne asubuhi, alifika dereva wa gari la magodoro, mteja wetu wa siku nyingi. Aliegesha gari mlangoni akaketi. Akasema, "Fundi, ninyoe vizuri, mke wangu ameanza kunisahau sura." Binti akamjibu, "Nikimaliza atakudai kitambulisho."

Akampaka povu. Kabla ya kupitisha wembe, kinyozi humwambia mteja ajaze mashavu pumzi ili ngozi ikaze. Binti akamwambia, "Jaza." Shavu la kushoto likavimba. La kulia likalegea, pumzi na povu vikatoka pembeni mwa mdomo. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake. Binti hakucheka. Alimwambia ainue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka wenyewe. Alimuuliza jina lake, yakatoka maneno yaliyokorogeka.

Binti akatazama saa ya ukutani. Akasema, "Mama, ishike hiyo saa, nne na dakika tano. Hiki ni kiharusi." Dalili hizo alizisikia redioni. Huyo mtoto akisikia jambo halimtoki, tangu mdogo.

Tulipiga simu, gari la wagonjwa likawa mbali. Hapo dereva mwenyewe akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa binti na kukifumba. Nilikuwa nimesimama karibu nao, taulo mkononi. Tukamwingiza garini, binti akashika usukani kwenda hospitali. Binti ana leseni, aliipata jaribio la kwanza. Mjomba wake alifeli mara tatu na bado anamfundisha kuendesha.

Jirani aliona mwanamke yuko usukani, akampigia simu tajiri mwenye gari kwamba linaibwa, naye akaripoti polisi. Binti alikamatwa uwanjani mwa hospitali, povu likiwa bado kwenye aproni. Tajiri alipofika hapo, nilimweleza habari ya ufunguo. Akaniambia, "Wewe ni mama yake, utasema nini kingine?" Nikamwambia kama mwanangu ni mwizi, basi ni mwizi mjinga, anaiba gari bovu na kuliegesha mbele ya mlinzi. Hakucheka. Naye dereva alikuwa hawezi kutamka hata jina lake. Tangu siku hiyo binti yangu analala kwenu, nami usingizi sina.

Daktari alisema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, na ile saa tuliyoishika ilimsaidia kuamua. Alisema, "Mngemlaza kwanza apumzike, tungekuwa tunazungumza mengine."

Leo Ijumaa tarehe 17, saa tatu asubuhi, nilimkuta tajiri wodini. Dereva alikuwa ameketi, kikombe mkono wa kushoto. Alituangalia sote wawili. Akasema polepole, neno moja moja, "Ufunguo... nilimpa... mimi. Mtoeni." Tajiri akavua kofia. Dereva akapumzika kidogo, kisha akauliza, "Magodoro... yamefika?" Tajiri akacheka huku anajifuta macho, akaniomba radhi, akasema anakuja hapa kituoni kufuta mashtaka.

Mkono wa kulia bado mzito, lakini vidole vinafumba, na mwalimu wa mazoezi anasema vitaendelea. Unanielewa, afande? Amezaliwa upya, na mkunga ni binti yangu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sijaongeza wala kupunguza. Nimetia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) Mama Kinyozi

Maoni ya askari: Shahidi amesomewa maelezo na kuyakubali. Mlalamikaji amefika na kuondoa malalamiko. Binti ameachiwa saa tisa alasiri. Shahidi ameng'ang'ania niandike pia kwamba dereva anaruhusiwa kurudi nyumbani wiki ijayo, na kwamba tajiri, daktari, jirani aliyepiga simu na zamu yetu yote tunasubiriwa kinyozini Jumapili ya tarehe 26, saa saba mchana, kwa chakula cha kumkaribisha.