Mto Niliouchora Mwenyewe

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza nawe bila shikamoo, hata kama umelala pale nyuma ya nyumba na saruji bado mbichi.

Niko barazani kwetu Buswelu, kompyuta mapajani. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda hadi getini, nimerudi. Mama ameniuliza mara mbili kama nina homa. Sina homa, Baba. Nina ramani.

Ile ramani. Ile iliyonifanya nikuambie kwenye simu, wewe ukiwa kitandani hospitali, "Vumilia, Baba, nakuja Jumamosi nikishaimaliza." Ukasema, "Maliza, binti yangu, kazi haiachwi katikati." Ukafariki Alhamisi.

Ulikuwa unawatambia watu wa Mkuyuni, kila ulipokwenda kununua kamba na ndoo zako, kwamba binti yako naye ni fundi visima, ila yeye anachimba kwa masikio. Nilikuwa naona aibu, nikitaka useme mtaalamu wa jiofizikia. Kumbe ulisema vizuri kuliko mimi. Tunaitikisa ardhi, sauti inashuka, inagonga miamba, inarudi juu tunainasa. Kisha kompyuta inaugeuza ule mwangwi kuwa mwamba: hapa mgumu, hapa laini, hapa huenda ni mchanga wenye gesi. Tunachotafuta ni mchanga wa mto wa kale, uliopita kule bondeni tunakopima kabla hata ziwa hili halijakuwepo, ukafukiwa na kona zake zote.

Shida ni kwamba mwangwi hausemi kila kitu. Lazima uipe kompyuta picha ya kuanzia, makadirio tu, nayo irekebishe. Visima vya gesi vilivyokwishachimbwa kule ni viwili, tena mbalimbali. Katikati nikajaza kwa akili yangu. Nikachora mto, mto mzuri, na kona moja kubwa, halafu nikaiamuru kompyuta isiende mbali na mchoro wangu. Nilikuwa na haraka ya kuja kwako. Matokeo yakatoka na mto, na kona, ofisi nzima ikapiga makofi. Mitambo ya kuchimbia imeshaanza kusogezwa.

Juzi, wageni wa msiba walipopungua, nikairudia hesabu bila mchoro wangu. Mto haukutokea. Kuna vipande vya mchanga hapa na pale, vyembamba, na tope tupu. Kompyuta ilinirudishia nilichoipa, basi.

Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nilikumbuka kisima cha mwalimu wangu. Alikuonyesha kwa kidole pale karibu na jiko lake, "Fundi, maji yapo hapa," na wewe kwa heshima ya mwalimu ukachimba palepale. Siku ya tatu udongo ukalowa, ukapanda juu unashangilia. Mimi nikaunusa. Sabuni! Maji ya vyombo, wenyewe walikuwa wanayamwaga pale miaka yote. Ulijipangusa udongo mikononi. Kisha ukamwambia mwalimu, mbele ya mkewe na majirani, "Nimekosea mimi," na shimo ukalifukia mwenyewe. Tangu hapo, mwenye shamba akitaka kukuonyesha pa kuchimba, ulimtuma kwanza akakuletee maji ya kunywa, upate kuitazama ardhi peke yako.

Mimi sikuwa na wa kumtuma. Kidole kilikuwa changu.

Na hasira ninayo, sikufichi. Nilikosa kuwa nawe siku zako za mwisho kwa ajili ya mto ambao haupo! Nikinyamaza, mto unaendelea kuwepo kwenye ramani, watu wanaendelea kunipongeza, na kutokuja kwangu kunakuwa na sababu. Nikisema, nitabaki na nini? Leo nimeizunguka nyumba hii na swali hilo mpaka kuku wamenikimbia.

Mchana huu nimempigia bosi. Nimemwambia, "Mto ule niliuchora mimi. Simamisheni mitambo." Akasema, "Pole na msiba, pumzika kwanza, umechoka." Nikamwambia sijachoka. Nimemtumia hesabu zote mbili, ile mbovu na hii mpya, nimesaini zote kwa jina langu. Sijui kama Jumatatu nitakuwa bado na kazi. Miguu haitulii, Baba, nimesimama tena hata naandika hivi.

Basi, pumzika wewe uliyemaliza. Mama kifua kinambana siku hizi, anadhani sijui. Ninakuahidi, siku atakaponiita nitaondoka hata kama mstari niliouanza haujaisha, na kazi nitaikuta nikirudi, au nisiikute.

Nisamehe kwa kutokuja. Sina tena cha kusingizia.

Binti yako,
Kabula