Kwa Nini Nilikuita Shangazi

Jumatano, jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za nyuma. Kifua je? Kaka aliniambia kikohozi kimepungua, lakini kaka naye ni mtu wa kusema kila kitu kimepungua ili asiulizwe zaidi, kwa hiyo sitaamini mpaka nisikie kwako. Mimi sijambo. Mikono ina makovu mawili mapya ya mafuta ya moto, na nywele zinanuka vitunguu hata nikiziosha mara tatu, ila afya ninayo.

Herufi nimeziandika kubwa makusudi, ili usome mwenyewe kwa miwani yako bila kumwita kaka akusomee. Humu ndani mna maneno ambayo nataka uyapate wewe kwanza. Naomba pia usiikunje ukaiweka chini ya kopo la sukari, kama ufanyavyo na barua za watu usiotaka kuwajibu. Isome mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyoona.

Najua una kinyongo nami. Huu ni mwezi wa tatu hupokei simu yangu, na kaka ameniambia sababu. Alisema ulisimama uani umeshika ufagio na hufagii, ukamuuliza umenikosea nini mpaka nikuite shangazi, au siku hizi nakuonea haya. Mama, hujanikosea kitu, na haya siyo. Jibu ninalo, ndilo lililonikalisha hapa kuandika, lakini linaanzia mbali kidogo, jikoni kwetu, kwa hiyo nivumilie.

Mgahawa wetu una meza arobaini, na ikifika saa sita mchana hakuna hata moja iliyo wazi. Jiko liko nyuma. Dirisha lake ni moja tu, lile la kupitishia sahani, na hapo ndipo anaposimama meneja. Tunamwita Kengele, si mbele yake lakini. Ana kengele ndogo ya shaba anayoigonga kwa kidole kila sahani inapochelewa, na ukigongewa mara tatu kwa zamu moja, kesho yake unakwenda kumenya viazi hata kama umepika miaka kumi. Hapigi kelele. Anasema polepole, tena kwa adabu, na hilo ndilo linalotumaliza, maana mtu akikutukana angalau unapata cha kumsimulia mwenzio.

Kukaa ni marufuku. Viti vyote viko upande wa wateja. Chooni tunakwenda kwa mwiko. Kuna mwiko mmoja wa zamani umetundikwa msumarini karibu na mlango: ukitaka kutoka unauchukua, ukirudi unaurudisha, na usipoukuta hapo basi jikaze mpaka mwenzako arudi. Siku moja mwosha vyombo alijisahau akaondoka nao mpaka kwake, na sisi wengine tukashinda tunautazama ule msumari. Nilicheka nilipofika chumbani, lakini kucheka peke yangu hakukunoga. Nilikutaka wewe uwepo, ujipige paja na kuniambia niache, mbavu zinakuuma.

Kinachonichoma zaidi ni ukoko. Tunapika sufuria tano za wali kwa siku, kila moja inaacha ukoko mzuri wa rangi ya kahawia, na amri ni kuukwangua na kuutupa. Kengele anasema mpishi akiruhusiwa kula ukoko leo, kesho ataunguza wali makusudi. Kwa hiyo nakwangua na kutupa, na kila siku nakusikia ukiita kutoka jikoni, "Kijiko, njoo mara moja," halafu unanipa ukoko juu ya kifuniko, umenikinga na upande mmoja wa kanga ili kaka asione. Nina miaka thelathini na minne, Mama, na bado nakimezea mate kile kifuniko.

Sasa nifike kwenye habari ya ruhusa. Kwenye mlango wa stoo kuna karatasi ya masharti, na sharti la mwisho linasema ruhusa ya siku tatu hutolewa kwa msiba wa karibu tu. Harusi hapana, ugonjwa hapana. Mkaanga samaki alipopata mtoto aliambiwa mtoto atakuwepo hata mwezi ujao. Basi watu wa jiko letu wanafiwa sana. Mwosha vyombo ameshazika bibi wanne, na hakuna aliyemuuliza hao wote aliwapata wapi. Mkaanga samaki amebakiza wajomba wawili na anawatunza kwa uangalifu. Nilicheka nao, lakini kwa miaka minne mimi sikumtaja mtu. Niliona ni uchuro.

Ndipo ulipoanza kukohoa. Unakumbuka ile simu tuliyozungumza ukichagua mchele, ukawa unanyamaza katikati ya maneno ili nisisikie? Nilisikia. Nilikwenda kuomba ruhusa. Kengele aliniuliza kama umelazwa, nikasema hapana. Akaniuliza kama mimi ni daktari, nikasema hapana. Akagonga kengele, nikarudi jikoni. Wiki ile nilikutamani mpaka nikajionea huruma. Nilitamani kukuona ukivaa viatu tu, ukitafuta kimoja chini ya kitanda kwa fimbo ya pazia. Nilikata vitunguu ndoo nzima kwa hiari yangu ili macho yapate kisingizio.

Wiki iliyofuata nilikupigia kukwambia nimepewa siku tatu, nakuja. Kaka alinieleza baadaye ulivyohangaika, ukafua shuka la maua, ukatoa lile godoro nje lipigwe jua. Kisha nikakupigia tena kwamba basi limeharibika njiani na nimelazimika kurudi. Ulisema haidhuru, shuka litanisubiri hapo hapo kitandani.

Mama, basi halikuharibika. Sikupanda basi lolote. Na zile siku tatu nilizipata kwa kukuua.

Niliingia ofisini kwa Kengele mchana ule nikiwa na nia ya kuomba tena kwa ajili ya kikohozi. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Alipoinua macho na kidole kiko tayari juu ya kengele, nilijikuta nimesema mama yangu amefariki. Si bibi, si mjomba. Wewe. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, lakini sikuirudisha.

Nilidhani ataniuliza maswali. Hakuniuliza hata moja. Alifunga mlango, akakaa chini, akalia. Kisha akachukua funguo za gari lake, akanipeleka mwenyewe mpaka kituo cha mabasi, saa sita na nusu, meza arobaini zimejaa, jambo ambalo hakuna mtu jikoni aliyewahi kuliona. Njiani alinisimulia kwamba mama yake alifariki siku ambayo mgahawa ulikuwa na karamu ya watu mia mbili. Aliwaambia nyumbani waendelee, yeye atafika kesho. Alipofika alikuta udongo umeshasawazishwa. Wiki aliyorudi kazini ndipo alipoandika kwa mkono wake lile sharti la mwisho kwenye mlango wa stoo. Nilipokuwa nashuka alinishika mkono.

"Mimi sikumzika wangu," alisema. "Wewe kamzike wako."

Nilikaa kwenye benchi la kituo, mkoba magotini. Basi lilikuja, likajaa, likaondoka. La pili nalo vilevile. Nilijiona nikifika, unanifungulia mlango, unanilaumu kwa kukonda, unanipakulia, na mimi nakula mbele yako kwa ruhusa ya kifo chako. Nilishindwa. Nilirudi chumbani kwangu na kukaa humo siku tatu, pazia limeshushwa, nikiogopa hata kutoka kununua mkate nisije nikaonwa na mtu wa kazini. Siku nilizozililia kwa miaka minne ziliishia kwenye kutazama ukuta, huku wewe umekaa upande wa pili wa simu karibu na shuka lako safi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Niliporudi kazini walinipokea kwa pole. Mwosha vyombo, mtu wa bibi wanne, alinitazama kwa mashaka, kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Kengele akaacha kunigongea. Siku ya pili alileta kiti kutoka upande wa wateja, akakiweka karibu na jiko langu, akasema aliyefiwa na mama hatakiwi kusimama kutwa. Ni kiti pekee kilichowahi kuingia jikoni mle. Wenzangu wamevimba miguu, mimi nimekaa. Nilikikalia, Mama, kwa sababu kukikataa kungenilazimu kueleza.

Nilikuwa juu ya kiti hicho simu yako ilipoita. Kengele alikuwa dirishani, hatua mbili tu kutoka kwangu, na jina lako la Mama liko wazi kwenye simu. Nikaigeuza haraka, nikapokea, nikasema, "Shikamoo shangazi." Nilisikia birika lako likianza kuchemka, kisha ukakata. Nilitaka kukupigia hapo hapo lakini mwiko haukuwepo msumarini, na nilipopata nafasi ya kutoka, hukupokea tena. Wala kesho yake. Wala mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na adhabu ambayo Kengele mwenyewe asingeweza kuibuni. Kazini siwezi kukutaja kwa kuwa umekufa, na nyumbani hunijibu. Nimebaki sina mama kweli, tena kwa kujitakia.

Sasa nikwambie ya leo, maana leo ndiyo imeniweka roho juu. Wateja wa mchana walipopungua, Kengele alikuja akasimama karibu na kile kiti. Aliniomba, kwa ile sauti yake ya polepole, nimsimulie ulikuwa mtu wa namna gani. Alisema wake ameanza kumsahau sauti, na anapenda kusikia habari za mama wa watu wengine. Nikaanza. Nikasema alikuwa mcheshi. Nikasema alikuwa akinifichia ukoko. Nikasema alikuwa akitafuta kiatu kwa fimbo ya pazia, na hapo neno "alikuwa" likanishinda kulisema tena. Nikainuka kutoka kwenye kile kiti. Nikamwambia anatafuta. "Anatafuta kiatu kwa fimbo ya pazia, yuko hai, nilikudanganya."

Kengele alinitazama. Sikuona hasira mwanzoni, niliona mtu aliyeaibishwa.

"Nililia na wewe," alisema.

Akaniambia nivue aproni, nichukue vitu vyangu, na kesho nisije. Alichukua kiti akakirudisha mwenyewe upande wa wateja. Nikavua, nikatundika aproni, nikawa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Huyo mama yako, ukimwita anaitika?"

Nikamwambia kwa sasa hapana, amenikasirikia, ni mwezi wa tatu.

"Amekasirika," alisema, kana kwamba nimemtajia jambo la kuonea wivu. "Basi nenda ukamwite mpaka aitike."

Akarudi dirishani. Nilikuwa nje tayari niliposikia kengele ikigongwa, nikajua mwenzangu mmoja amechelewesha sahani. Mwosha vyombo alinifuata hadi uani akanipa kifurushi kidogo cha gazeti alichokificha ndani ya shati. Kilikuwa ukoko, bado wa moto. Nimeula njia nzima nikilia, na watu wamenipisha.

Kwa hiyo kazi sina tena, Mama, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Sijutii sana. Najutia kwamba niliweza kulitamka lile neno juu yako. Sikuombi useme yamekwisha kabla hayajakwisha moyoni mwako. Ulikaa unanisubiri, umefua, umeanika godoro juani, na mimi nilikuwa chumbani natazama ukuta. Kama kuna mtu mwenye haki ya kununa ni wewe, na uendelee mpaka utosheke.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, kaka ataipokea kituoni. Mimi nina chumba cha kukabidhi na virago vya kufunga, kwa hiyo nitaondoka Jumamosi kwa basi la kwanza. Safari hii nitapanda. Kaka msalimie, mwambie asijisumbue kuja kunipokea, njia naijua. Wifi na watoto wasalimie sana. Na yule jirani wa chujio naye msalimie, umrudishie chujio lake, maana najua bado unalo.

Nikifika sitabisha hodi. Nitasimama mlangoni nitakuita kwa jina lako, lile ambalo sikupaswa kulibadilisha. Nitaita kwa sauti, majirani wasikie. Ukiwa bado na hasira, usinifungulie, nitakaa kwenye ngazi mpaka ikuishe. Ila nakuomba kitu kimoja tu, Mama. Hata kama ni kwa kunifokea, itika.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,

Kijiko