Matairi Membamba kwa Njia ya Mamba

Makanyagio,
Mpanda, Katavi.
9 Oktoba 2025

Musaza wanje, kaka yangu mpendwa Libérat,

Pokea salamu za huku kwenye joto. Arusha na baridi yake mnaendeleaje? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa ukilala? Wifi yangu Aurélie ameshazoea? Sisi tupo. Mama yetu Thacienne ni mzima, goti tu linamsumbua akitoka kanisani. Mwanangu Nyanzila anakimbia, anapanda kila kitu, na mimi namfuata nyuma na tumbo hili. Miguu imeanza kuvimba, lakini namshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa hatufiki. Nikianza tu unacheka, unasema, "Eme, mpe shemeji simu," halafu wewe na mume wangu Nkwabi mnaongea matairi mpaka chaji inakwisha, mimi nimesimama na mwiko mkononi. Barua huwezi kumpa shemeji. Isome mpaka mwisho.

Libérat, nimechoka na matairi. Sebuleni kwangu kuna tairi moja pana, Nkwabi ameliazima kwa rafiki yake ili alizoee. Alizoee vipi, sijui. Wageni wanalikalia. Asubuhi analizunguka, analipiga teke kidogo, anarudi nyuma kulitazama kwa mbali. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaniambia, "Mama Nyanzila, tairi ni kama dume la kulimia, unaangalia kifua." Nikamwambia dume likizama linahangaika lenyewe mpaka linatoka, hili lako litatolewa na nani? Akasema, "Shemeji Libérat ndiye fundi, na kasema pana."

Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe, siyo yeye.

Najua kwenye hayo magari yenu ya watalii mapana yanafaa. Mnapita kwenye mchanga, na picha zinatoka nzuri. Sisi Land Cruiser letu kuukuu haligusi lami. Mjini Nkwabi anatumia pikipiki, gari ni la njia ya shambani Mamba tu, na ile njia unaijua, ni mbuga ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha, juu kunakuwa uji, chini ardhi ngumu ipo. Tairi pana linaelea juu ya uji, haliifikii ile ardhi. Kashata zake, yale meno ya tairi, zimebanana, tope linajaa katikati mpaka tairi linakuwa laini kama kisigino cha mtoto. Na likikata kona linasugua madigadi.

Umesahau ya mwaka jana? Yalikuwa mapana hayohayo. Uchungu ulinishika mchana tukiwa shambani, tukaondoka vizuri tu, katikati ya mbuga gari likakaa. Nkwabi akakanyaga mafuta, likazidi kukaa. Mara akapita jirani yetu Malale na mkokoteni wa ng'ombe umejaa kuni, yale magurudumu yake membamba yanakata tope mpaka chini, huyo anakwenda. Alisimama kutusaidia, ila mtoto hakusubiri. Nilijifungulia kwenye kiti cha nyuma, mama mkwe Ng'washi akinipokelea.

Na unakumbuka tulivyokubaliana siku tuliyomzika baba. Mtoto wangu wa kwanza abebe jina lake, Bosco, na akiwa wa kike tutalitafutia namna. Mama mkwe akasema kwao anayezaliwa njiani ni wa njia, amekuja na jina lake, Nyanzila. Ningebishana vipi na mtu ambaye bado ana damu yangu mikononi? Nampenda mtoto na jina lake. Lakini huyu wa sasa anakuja Februari, mbuga ikiwa imejaa, nikamuuliza mama mkwe mapema. Akanijibu bila kuacha kuchambua mchele, "Akizaliwa hospitali mtamwita mnavyotaka. Akizaliwa mbugani, utaniuliza nini tena?"

Usiniambie nibaki mjini. Mpunga unataka palizi, na Nkwabi peke yake hauwezi. Nitarudi mjini kabla ya siku zangu, ila nitarudi na nini kama siyo gari hilo?

Kwa hiyo, kama unataka jina la baba lirudi, yale mapana uliyomwahidi Nkwabi usiyapakie kwenye lori la wiki ijayo. Tuma membamba na marefu, saba na nusu kwa rimu kumi na sita, kashata kubwa zilizoachana ili tope lipate pa kutokea. Halafu umpigie Nkwabi wewe mwenyewe, umwambie umebadili mawazo. Usiseme dada yako kasema. Mwambie habari ya mkokoteni, mambo ya ng'ombe anayaelewa haraka. Atakuambia aliwaza hivyohivyo tangu mwanzo. Mwache aseme.

Mapana yakija, nayalaza uani naotesha mchicha. Sitanii.

Msalimie sana Aurélie, na mdogo wetu Pacifique akipita hapo kwako mwambie mama anamuuliza. Mama Thacienne anakusalimu. Huo mstari uliopinda hapo pembeni ni salamu ya Nyanzila, alinipokonya kalamu. Mungu akutunze kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikiwa nimekasirika,
Emelyne

Tena: Nkwabi ameingia sasa hivi, amekaa juu ya tairi lake, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia namwandikia kaka kuhusu jina la mtoto. Sijamdanganya.